Pande nne hazitoshi: maswali yenu kuhusu ploti, kabro na vigae

Barua nyingi za mwezi huu zilihusu vipimo. Tumechagua nane zinazogusa maumbo ya pande nne. Maneno matatu yatajirudia, basi tuyaweke wazi mapema. Ulalo ni mstari unaokatiza umbo kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kimo ni umbali wa kusimama wima kutoka upande mmoja hadi wa mkabala. Si urefu wa ubavu ulioinama. Kipeuo cha pili ni ile alama ya √ kwenye kikokotoo, na simu nyingi zinayo.

Wahariri, hamjambo? Nataka kununua ploti Ruai, pale barabara inapopinda, kwa hiyo si mstatili. Tukizunguka kuanzia langoni, pande zake ni mita 18, 34, 12 na 30. Broka amejumlisha 18 na 12 akagawanya kwa 2, akajumlisha 34 na 30 akagawanya kwa 2, kisha akazidisha 15 kwa 32. Anasema ni mita za mraba 480, na bei ni kwa kila mita. Shemeji yangu alipima pia kutoka lango hadi kona ya mkabala akapata mita 28, lakini broka anasema kipimo hicho hakina kazi. Ni kweli? — Mnunuzi, Pipeline

Si kweli, ndugu. Kipimo cha shemeji yako ndicho chenye kazi kuliko vyote.

Hesabu ya broka haikuzaliwa Ruai. Imechongwa kwenye kuta za hekalu la Horus huko Edfu, Misri, katika orodha ya mashamba ya hekalu, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa mstatili inatoa jibu sahihi. Kwa umbo lingine lolote la pande nne jibu lake huzidi eneo halisi, na halipungui hata siku moja. Hapo ndipo pa kuangalia: makosa ya kawaida huumiza huku leo na kule kesho, ila hili humwangukia mnunuzi kila mara.

Sababu ni hii. Wastani wa pande unachukulia kwamba pande zote zinakutana kwa pembe mraba. Fikiria fremu ya kitanda iliyolegea misumari. Ukiisukuma ubavuni, mbao ni zile zile na urefu ni ule ule, lakini godoro haliingii tena. Mzingo haujabadilika, eneo limepungua. Kwa hiyo mtu akikutajia pande nne peke yake hajakutajia eneo. Pande hizo hizo zinaweza kufanya ploti nyingi za maeneo tofauti. Kinachoifunga fremu isiyumbe ni ubao wa tano unaokatiza, na huo ndio ulalo.

Lango liite A, kisha B, C na D ukizunguka. AB ni 18, BC ni 34, CD ni 12, DA ni 30, na ulalo AC ni 28. Ulalo umeigawa ploti kuwa pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu haina pa kuyumbia.

Pembetatu ya kwanza ina pande 18, 34 na 28. Jumla ni 80, nusu yake 40. Toa kila upande kwenye 40: unabaki na 22, 6 na 12. Zidisha vyote pamoja na hiyo 40: 40 × 22 × 6 × 12 = 63,360. Kipeuo cha pili chake ni 251.7.

Pembetatu ya pili ina pande 28, 12 na 30. Jumla 70, nusu 35. Mabaki ni 7, 23 na 5. 35 × 7 × 23 × 5 = 28,175, na kipeuo ni 167.9.

Jumlisha: mita za mraba 419.6. Broka amekuongezea takriban mita 60, yaani ukumbi wa mita 6 kwa 10 ambao utaulipia lakini hutasimama ndani yake.

Kabla ya kumrudia, hakikisha vipimo vyenyewe. Pima ulalo wa pili, B hadi D. Kama vile vitano vya kwanza ni sahihi, tepu itasoma karibu mita 41.26. Ikikosa kwa zaidi ya sentimita 20 hivi, kuna upande uliopimwa vibaya, nao mara nyingi ni ule mrefu kuliko tepu. Tepu ya mita 30 haifiki upande wa 34, kwa hiyo mtu huweka alama njiani kwa kisigino kisha anaendelea. Kisigino hicho kinakula au kuongeza sentimita kadhaa. Azima tepu ya mita 50. Ikazeni, maana tepu iliyolegea katikati husoma zaidi ya umbali wenyewe. Pimeni kutoka bikoni (alama ya mpaka kwenye kona) hadi bikoni, si kutoka ua hadi ua. Ua hupandwa mwenye ua anapopenda.

Penye mteremko, shikilieni tepu ikiwa sawa na upeo wa macho na mpime kwa vipande vifupi kama ngazi, kwa sababu eneo la ardhi huhesabiwa kwa umbali bapa wa ramani. Mita 30 zilizopimwa kwa kufuata mteremko unaopanda mita 6 ni mita 29.39 tu kwenye ramani. Ruai ni tambarare, hutasumbuka sana na hilo.

Jambo moja zaidi kwa wenye ploti zenye kona iliyoingia ndani, kama mdomo wa samaki. Ulalo wenu uanzie kwenye kona hiyo hiyo iliyoingia, ili ubaki ndani ya ploti. Ulalo mwingine unapita nje, na ukijumlisha pembetatu zake utakuwa umehesabu shamba la jirani.

Wahariri wapendwa, niliuziwa ploti ya hamsini kwa mia. Hati imetoka inasema hekta 0.045. Jirani yangu anasema hamsini kwa mia ni thumuni ya ekari. Nikipiga hesabu hazilingani zote tatu. Nani ameniibia? — Mama Wawili, Ruiru

Mama, umelinganisha vitu vitatu vinavyokaribiana bila kuwa kimoja.

Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Futi 50 ni mita 15.24, na 100 ni mita 30.48, ukizidisha unapata mita za mraba 464.5, ambazo ni hekta 0.0465. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, hivyo unasogeza nukta hatua nne tu. Hekta 0.045 ni mita za mraba 450, yaani mita 15 kwa 30 kamili. Kuna mahali vipimo vya futi vilipunguzwa vikawa mita za namba nzima, na mita 14.5 za mraba zikaachwa njiani. Ni sawa na kijichumba cha mita 3 kwa karibu 5.

Thumuni ni kitu kingine. Ekari ina futi za mraba 43,560, na moja ya nane yake ni 5,445, ambazo ni mita za mraba 506 hivi. Hamsini kwa mia inapungukiwa na futi za mraba 445. Midomoni mwa watu wa Nairobi thumuni ilikuwa sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi wala si moja ya nane, kwa hiyo neno hili lina historia ya kulegea.

Na kwa nini ploti hupungua hata kabla ya hati? Chora ekari moja yenye ploti nane za hamsini kwa mia, nne kila upande wa barabara ya futi 20. Ploti zinakula futi za mraba 40,000. Barabara ni futi 200 kwa 20, yaani 4,000. Jumla 44,000, na ekari ina 43,560. Hazienei. Muuzaji atabana barabara au atabana ploti, na barabara huonekana kwa macho kirahisi zaidi.

Kuhusu kuibiwa: hati yenyewe huandika kwamba eneo ni la kukadiria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, ramani ya usajili inaonyesha mipaka kwa kukadiria, isipokuwa pale daftari linapoonyesha kwamba mipaka imethibitishwa rasmi. Kwa hiyo usianze na namba ya hati. Anza na bikoni zako: pima pande nne na ulalo mmoja kama tulivyoeleza hapo juu. Ukipata 450, hati inasema kweli na aliyekuuzia ndiye wa kuulizwa kuhusu mkataba wake. Ukipata 464, una ardhi yako yote, na makaratasi ndiyo yaliyokatwa mkia.

Tahadhari ndogo ya kubadilisha: mita moja ina futi 3.28, lakini mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76. Wengi hugawanya 5,000 kwa 3.28 wakapata mita 1,524 na kushangilia bure.

Habari zenu. Nimepewa kazi ya kutandika kabro uwanja wa kuegesha magari hapa Donholm. Ukuta wa mbele ni mita 14.2, wa nyuma mita 9.6, na zote mbili zinaenda sambamba. Ubavu mmoja umenyooka, mita 11. Mwingine umeinama, mita 11.92. Mwenye nyumba anapata mita za mraba 142, mimi napata 131. Nani yuko sawa? — Fundi, Donholm

Wewe, fundi. Umbo lenye pande mbili sambamba na mbili zisizo sambamba huitwa trapeza, na eneo lake ni wastani wa zile mbili sambamba mara kimo. Wastani: (14.2 + 9.6) ÷ 2 = 11.9. Kimo ni mita 11, ule ubavu ulionyooka. 11.9 × 11 = 130.9. Mwenye nyumba amechukua ubavu ulioinama, 11.9 × 11.92 = 141.8, akajiongezea mita 11 za kulipia.

Hapa una bahati kwamba ubavu mmoja umenyooka. Mbavu zote mbili zikiinama, fanya hivi: mtu mmoja abane mwanzo wa tepu kwenye nukta moja ya ukuta wa nyuma, wewe tembeza mwisho wake kando ya ukuta wa mbele. Namba itashuka, kisha itaanza kupanda tena. Ile ndogo kabisa ndiyo kimo. Rudia kwenye nukta nyingine mbali na ya kwanza. Ukipata 11.00 huku na 11.25 kule, kuta si sambamba hata kama macho yanasema ni sambamba, na hiyo si trapeza tena. Rudi kwenye ulalo na pembetatu mbili.

Idadi sasa. Kabro za kawaida za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwenye mita moja ya mraba: 130.9 × 50 = 6,545. Upande ulioinama utakulazimisha kukata kila safu, na vipande vingi vya kona havirudi kazini, kwa hiyo ongeza asilimia 5 ufike 6,900 hivi. Kabro zenye kingo za mawimbi zina hesabu yake. Muulize anayezitengeneza ni ngapi kwa mita. Mfuniko wa shimo la maji taka wa sentimita 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36 tu. Usiutoe kwenye hesabu, maana kabro utakazokata kuuzunguka zitakula hicho ulichodhani umeokoa.

Mchanga au dasti ya kwari ya kulalia, ikiwa unene wa sentimita 5, ni 130.9 × 0.05, sawa na mita za ujazo 6.5. Hapa watu hukosea kwa kuzidisha kwa 5 badala ya 0.05, kisha wanaletewa lori la kujaza mtaa. Kebu za pembeni hazihusiani na eneo. Hizo zinafuata mzingo, mita 46.7 ukiondoa lango na sehemu zilizoshikwa na kuta.

Wahariri, binti yangu wa Gredi ya 7 aliulizwa eneo la rombasi yenye pande za sentimita 10. Mchoro ulionyesha pia ulalo wa 12 na wa 16. Akaandika 10 × 10 = 100, akakosa. Kusema kweli mimi pia ningeandika 100. — Mzazi, Umoja

Mzazi, mko wengi. Rombasi ina pande nne sawa kama mraba, ila imeegemea, na kule kuegemea ndiko kunakula eneo. Jibu ni nusu ya ulalo mara ulalo: 12 × 16 ÷ 2 = 96.

Mfanyie binti jaribio la mezani. Kateni mirija minne ya soda, kila mmoja sentimita 10, mpitishe uzi ndani mfunge iwe fremu. Isimamisheni iwe mraba: eneo ni 100. Ibonyezeni taratibu kwenye kona mbili za mkabala. Ulalo mmoja ukifika sentimita 4, mwingine utakuwa umenyooka hadi karibu 19.6, na eneo litakuwa 39.2. Endeleeni kubonyeza na mirija italaliana, eneo sifuri, pande bado ni 10. Akishaona hilo kwa vidole hataandika 100 tena.

Kanuni hiyo ya nusu ya ulalo mara ulalo inafaa pia kwa umbo la kishada wanachorusha watoto, kwa sababu vijiti vyake viwili hukatana kwa pembe mraba. Vijiti visipokatana hivyo, kanuni inakataa. Msambamba wa kawaida, ambao pande zake za mkabala ndizo zinazolingana, una kitako mara kimo: ukikata pembetatu ya kushoto na kuihamishia kulia unapata mstatili, na upana wa mstatili huo ni kimo, wala si ubavu.

Nimekutana na kanuni ya Brahmagupta inayotoa eneo kwa pande nne tu, bila ulalo. Sasa kwa nini walimu wetu husema haiwezekani? — Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Nairobi

Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliiandika mwaka 628, na ni kanuni nzuri. Tafuta nusu ya mzingo, toa kila upande kwenye nusu hiyo, zidisha mabaki manne, toa kipeuo cha pili. Ukiufanya upande wa nne kuwa sifuri, inabaki ile ile ya pembetatu tuliyoitumia Ruai, ambayo ni ya Heron wa Aleksandria.

Lakini ina sharti: kona zote nne ziguse duara moja. Kwenye umbo kama hilo, pembe za mkabala hujumlika kuwa nyuzi 180. Mstatili unakubali, trapeza yenye mbavu sawa inakubali. Ploti ya barabara inayopinda haiulizi duara.

Ijaribu kwa ile ploti ya Ruai. Nusu ya mzingo ni 47. Mabaki ni 29, 13, 35 na 17. Yakizidishwa yanatoa 224,315, na kipeuo ni 473.6, ilhali eneo halisi ni 419.6. Imekosea kwa mita 54.

Usiitupe, hata hivyo. Kwa pande nne ulizopewa, umbo lenye kona kwenye duara ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote, kwa hiyo Brahmagupta anakupa dari. Broka wa Ruai alisema 480. Dari ni 473.6. Namba yake haiwezekani kwa pande zile, hata kama ungeruhusiwa kuzisukuma bikoni utakavyo. Hilo unaweza kumwambia ukiwa umekaa kwenye matatu, kabla hujaishika tepu. Mjerumani Carl Anton Bretschneider alichapisha mwaka 1842 kanuni inayorekebisha hesabu hii kwa kuingiza pembe, lakini kiwanjani ulalo hupimika kirahisi kuliko pembe.

Chumba changu Kasarani kina kuta za mita 3.6 na 4.1, na za mkabala zinalingana. Ulalo mmoja ni 5.38, mwingine 5.53. Nataka vigae vya sentimita 60 kwa 60. Fundi anasema chumba kimekaa upande, je, eneo limepungua sana? Ninunue boksi ngapi? — Dada wa Kasarani

Dada, fundi wako amepima vizuri. Chumba cha pembe mraba sawasawa chenye kuta hizo kingekuwa na ulalo wote wa 5.46. Chako kimeegemea.

Eneo limepungua kidogo mno. Mstatili wa 3.6 kwa 4.1 ni mita za mraba 14.76, chumba chako kimepoteza takriban sentimita za mraba 57, kipande cha 7 kwa 8. Kuegemea kidogo hakuumizi eneo. Lakini ukifuata pembe mraba kutoka ukuta mmoja, ukifika mwisho wa ule wa mita 4.1 umeachana na ukuta kwa sentimita 11. Eneo linavumilia, macho hayavumilii: mstari wa vigae utaonekana ukikimbia ukuta tangu mlangoni.

Ndiyo maana hesabu ya boksi isifanywe kwa eneo peke yake. Boksi nyingi za 60 kwa 60 zina vigae 4, mita za mraba 1.44, soma ubavuni mwa boksi. 14.76 ÷ 1.44 ni 10.25, nawe utanunua 11 ukidhani umebakiza. Sasa hesabu kwa safu. Urefu wa 4.1 unahitaji safu 7, maana sita ni mita 3.6 tu. Kila safu ni vigae 6 chumba kikiwa cha pembe mraba, jumla 42. Kwenye chumba kilichoegemea safu nyingi zinaanza na kigae kilichokatwa na kuishia na kipande, yaani vigae 7 kwa safu, na 7 × 7 ni 49. Fundi anayerudisha kipande cha kushoto kulia atamaliza na boksi 12. Asiyerudisha anahitaji 13. Tungenunua 13, kwa sababu ukirudi dukani wiki ijayo, namba ya kundi kwenye boksi huenda imebadilika na rangi isilingane, tena kasoro hiyo huonekana zaidi jua likiingia dirishani.

Mwambie aanzie mstari wa katikati, si ukutani, agawanye uegemeo kushoto na kulia, na upande mbaya uende chini ya kitanda au kabati.

Nimezunguka ploti ya mita 15 kwa 30 na programu ya simu, ikasema 590. Niamini simu au bikoni? — Msomaji, Utawala

Bikoni. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita 3 hadi 5, na karibu na ghorofa au mabati hukosea zaidi. Ploti ya 15 kwa 30 ikiongezewa mita 3 kwenye upana na 3 kwenye urefu inakuwa 18 kwa 33, sawa na 594, ambayo ni karibu theluthi nzima juu ya 450. Shamba la ekari 5 kwa kosa hilo hilo linazidi kwa asilimia 4 hivi tu. Kwa hiyo programu hizi zinafaa kukadiria shamba la mahindi. Ploti ya mtaani ni ya tepu.

Kikundi chetu kimepewa orodha ya kona nne za ardhi kwa namba za mashariki na kaskazini, bila urefu wa pande. Tunaweza kupata eneo bila kumlipa mtu? — Katibu wa chama, Githurai

Mnaweza, katibu, na namba hizo zikitoka kwa mpima ardhi mwenye leseni ni bora kuliko tepu yoyote.

Kwanza punguzeni ukubwa wa namba. Kwenye mfumo wa UTM, yaani gridi ya ramani inayohesabu kwa mita, Nairobi huwa na mashariki ya karibu 257,000 na kaskazini ya karibu 9,857,000. Mkizizidisha zilivyo, kikokotoo cha tarakimu 10 kitakata mkia wa jibu, na mkia huo ndio eneo lenu. Chagueni kona moja, toeni namba zake kwenye kona zote. Tuseme zimebaki hivi, mashariki kwanza: A (0, 0), B (30, 2), C (34, 19), D (3, 16).

Zidisheni mashariki ya kila kona kwa kaskazini ya kona inayofuata: 0 × 2, 30 × 19, 34 × 16, 3 × 0. Jumla 1,114. Kisha kinyume chake, kaskazini ya kila kona kwa mashariki ya inayofuata: 0 × 30, 2 × 34, 19 × 3, 16 × 0. Jumla 125. Toeni: 989. Nusu yake ni mita za mraba 494.5. Mkizunguka upande mwingine jibu litakuwa hasi; ondoeni alama tu.

Mpangilio wa kona ndio unaovuruga. Lazima mzifuate kama mtu anayetembea kando ya ua. Orodha nyingi hupangwa kwa namba za bikoni, na namba hizo si lazima zifuatane kiwanjani. Kona hizo hizo zikisomwa A, C, B, D, mistari inakatizana katikati kama tai ya kipepeo, sehemu moja inaliondoa eneo la nyingine, na jibu linatoka mita 14. Chorani kona kwenye karatasi ya miraba kabla ya kuzidisha chochote. Hata mchoro mbaya utawaonyesha kama mstari umejikata.